Tupeane uzoefu: warsha za ushairi na uandishi chuoni zilikusaidia nini?

Kalamu ya Yombo
Wakuu, habari za jioni. Nasaidia kuendesha kipindi cha uandishi hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jioni baada ya vipindi. Lengo la awali lilikuwa kunoa watu kwa ajili ya mashindano. Basi, watu wakaanza kuja na yao: bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, limechelewa, baba kafariki katikati ya UE (mitihani ya mwisho wa muhula), mwingine ana sapu tatu, mitihani ya kurudia, na nyumbani hawajui. Kazi ya kunoa mashairi imegeuka kazi ya kukaa na watu.

Sina haja ya kuambiwa ushairi una umuhimu katika jamii, hilo tuliliandika kwenye insha kidato cha nne. Nataka wewe uliyekaa kwenye duara la namna hii, uwe mwanafunzi, mhadhiri, mpishi au mlinzi, utueleze mlifanya nini hasa, na kipi kiliharibu.

Mwaka wa Tatu
Naanza mimi. Muhula uliopita mwezeshaji wetu aligawa karatasi, hakuna kuandika jina, ukimaliza unatupia kwenye kikapu. Kisha kila mtu anachukua ya mwenzake na kuisoma kwa sauti. Yangu ilikuwa hii:

*Nimekaa dirishani, bumu bado kuingia,*
*Simu iko mkononi, mama ninamkimbia,*
*Akisema, "Wala nini?", ni lipi nitamwambia?*
*Nasema ni mtihani, sauti ikififia.*

Aliyeisoma alikuwa kaka mmoja wa uhandisi ambaye hata salamu hatupeani. Alipofika mshororo wa tatu alisimama kidogo. Baadaye nikagundua karibu nusu ya chumba wana hali hiyohiyo, ila kila mtu alikuwa anajifungia na uji wake. Wiki ile tukaanza kuchanga unga na maharage, tunapika pamoja. Shairi halikuleta bumu, ila nilikula.

Mzee wa Mizani
Binti, beti imekaa. Mizani kumi na sita kila mshororo, vina vimesimama ukwapi na utao, nusu ya kwanza ya mshororo na nusu ya pili. Hongera.

Nami nina langu. Miaka ya sabini watu walikaribia kushikana mashati kuhusu mashairi yasiyo na vina, hasa mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake, Kichomi, mwaka 1974. Upande wangu mnaujua. Lakini leo sitetei mila, natetea mwenye shida. Mtu mwenye kilio ukimwambia "andika unavyojisikia" anaganda, karatasi nyeupe inamtazama. Mwambie atafute maneno ya mizani nane yanayoishia na -ni. Akili inapata kibarua. Anahesabu kwa vidole, anafuta, anarudia, na katikati ya kuhesabu lile jambo zito linatoka lenyewe. Nimefundisha vyuo vya ualimu miaka mingi, nimeliona hilo mara nyingi.

Komredi wa Eldoret
Mzee, heshima zako, lakini kwetu ukianza na mizani siku ya kwanza, siku ya pili utabaki na viti. Vijana wetu wanaandika Kiswahili, Sheng na lugha ya mama katika mstari mmoja. Acha waandike guni kwanza, shairi lisilobanwa na vina na mizani.

Ila mimi naogopa kitu kingine kabisa: jukwaa. Wakati wa mgomo wa wahadhiri tulibaki hosteli bila masomo, tukaanzisha usiku wa mashairi. Kulijaa. Mtu anasoma kuhusu kifo cha dadake, ukumbi unapiga vidole na mayowe. Wiki inayofuata mwingine anakuja na msiba mkubwa zaidi. Ikawa mashindano ya majeraha. Kuna msichana alishangiliwa sana, halafu akawa haonekani tena, na hakuna aliyemfuata chumbani kumuuliza. Tangu hapo tumetenganisha: Jumanne tunaandika mlango ukiwa umefungwa, na jukwaani hupandi na shairi la wiki hiyo. Likae kwanza. Baada ya mwezi ukilitaka bado, panda.

Mshauri Nasaha
Komredi umegusa penyewe. Mimi ni mshauri nasaha chuo fulani, na wawezeshaji wakija kwangu huwa nawasimulia utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall, uliochapishwa mwaka 1986. Ulifanyika Texas kwa wanafunzi wa chuo. Waliandika dakika 15, jioni nne mfululizo. Wengine waliandika jambo lililowaumiza kuliko yote maishani, wengine vitu vya kawaida tu kama viatu walivyovaa. Walioandika maumivu, tukio pamoja na hisia zake, walitoka chumbani wakiwa na huzuni kuliko walivyoingia. Ila miezi iliyofuata walienda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, hapakuwa na kusomeana wala makofi. Pili, huzuni ya siku hiyohiyo ilikuwepo. Tafiti za baadaye zimetoa majibu mchanganyiko, kwa hiyo msiuze jambo hili kama dawa. Mimi husisitiza wasimalizie kipindi kwenye zoezi zito. Dakika kumi za mwisho andikeni kitu chepesi, barua kwa kandambili iliyopotea bafuni huko, mcheke, ndipo mtawanyike. Na karatasi ikidokeza mtu hataki kuishi, ile si kazi ya fasihi tena. Msiisifie, msiisahihishe. Unatembea naye hadi kwa mshauri, siku hiyohiyo, miguu kwa miguu. Na kama mnatumia kikapu kisicho na majina, mwezeshaji azipitie karatasi kabla ya kuzigawa, na watu waambiwe mapema kwamba anazipitia.

Kalamu ya Yombo
Hili la kuzipitia kwanza naanza nalo wiki hii.

Binti Pwani
Mie naandika kutoka Unguja. Wakati nasoma tulikuwa na kikundi cha wanawake, wanafunzi, mhadhiri mmoja na mama wawili wa usafi. Hatukuita warsha. Mtu analeta beti la fumbo, wenzake wanamjibu. Sharti ni moja: jibu lifuate vina vya muulizaji. Hapo ndipo penye siri, maana huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake bila kumsoma kwa makini, neno kwa neno.

Na fumbo lina stara. Mama mmoja alileta beti kuhusu muembe unaopopolewa mawe na mpita njia, kila msimu, mwenye shamba anaona na ananyamaza. Hatukumuuliza muembe ni nani. Tulimjibu, na jibu la tatu lilikuwa la mhadhiri, akasema shamba lina sheria zake na ofisi ya kushtakia ipo. Yule mama akaenda kushtaki. Mngemwambia asimame katikati ya duara aeleze waziwazi, angebeba ufagio wake akaondoka. Mwana Kupona, yule mshairi wa zamani, naye utenzi wake wa mwaka 1858 ulimwendea binti yake, si ukumbi uliojaa watu.

Mlinzi wa Geti
Mimi niliitwa na wanafunzi nikaandika kuhusu zamu ya usiku. Nilifurahi, tangu siku ile wakipita wananiita kwa jina. Halafu chuo kikabandika picha zetu na vipande vya tulivyoandika kwenye bango, hatukuulizwa. Nikaacha. Yale niliwapa wale watoto, sikuwapa wageni wa mahafali.

Komredi wa Eldoret
Pole sana, mzee. Andikeni hilo kwenye kanuni zenu ninyi wote: karatasi ni ya aliyeandika, anaondoka nayo.

Binti Pwani
Lakini nyote mwatoa sharti tu, na beti la bumu huko juu limekaa bila kujibiwa. Si uungwana. Mzee wa Mizani, wewe unayehesabu kwa vidole, mjibu mtoto. Vina vyake ni -ni na -ia.

Mzee wa Mizani
Nimekubali. Nipo kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba:

*Mpigie wa nyumbani, kweli upate mwambia,*
*Mama hapimi mizani, sauti atasikia,*

Kituo changu kimefika, nashuka.

Mwaka wa Tatu
Shikamoo, mzee. Nadai mishororo miwili.