Aliyebadilisha round ya Python kimyakimya amenikesha usiku nne!

Wakuu, nina hasira na sifichi.

Nilikabidhiwa mfumo wa mauzo ulioandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na mtu aliyeondoka. Kila jioni mhasibu ananipigia: hesabu haifungi. Leo shilingi tano, kesho kumi na moja. Dada wa kaunta ameshahojiwa mara mbili kama mwizi.

Bidhaa ya 1,271 ukiongeza VAT ya asilimia 18 inafika 1,499.78. Ikiuzwa, mfumo unaandika 1,500. Mteja akiirudisha, unaandika -1,499. Bidhaa ile ile! Shilingi moja inabaki inaning'inia. Na si kwenye mauzo, ni bidhaa ikirudishwa tu, ndiyo maana nilichelewa kuiona.

Nimepitia faili langu mstari kwa mstari, halina kosa. Jana saa nane usiku nikaandika print(round), yaani Python inionyeshe round, amri yake ya kukadiria namba iwe kamili, ni ipi; basi tu nione. Badala ya <built-in function round> ikaja <function kadiria at 0x7f... Damu ilinipanda kichwani.

Kumbe jamaa hakupenda round(2.5) itoe 2. Python 3 ndivyo ilivyo, nusu kamili inakwenda kwenye namba shufwa iliyo jirani: 2.5 inakuwa 2, 3.5 inakuwa 4. Imeandikwa wazi kwenye maelezo yake. Yeye akatunga int(n + 0.5), kisha kwenye faili linaloanza kusomwa kabla ya mengine yote akapachika builtins.round = kadiria (builtins ni ghala la amri ambazo Python huja nazo). Basi mfumo mzima ukawa unaita round ya kwake bila kujua. Na int hukata desimali kuelekea sifuri, kwa hiyo -1,499.78 ukiijumlishia nusu inaishia -1,499. Namba hasi hakujaribu hata moja!

Mtu akiandika sum = 0, akafunika sum ambayo ni amri ya Python ya kujumlisha, halafu akaita sum(), Python inampigia kelele hapo hapo: 'int' object is not callable. Hilo nalisamehe. Hili la kimyakimya silisamehe.

Ulitaka nusu ipande? Ipo decimal, moduli ya Python ya hesabu za desimali, na ROUND_HALF_UP yake. Huitaki, basi fankisheni yako iite kadiria kila unapoitumia, anayekuja nyuma yako aione. Mtu akisoma round anaamini ni round.

Asubuhi nimefuta ule mstari, hesabu zote za pesa nimezihamishia kwenye decimal, na nimemwandikia meneja kwamba yule dada hakuchukua hata senti.

Mliorithi mifumo ya watu, andikeni print(round) leo leo, mje mseme imewajibu nini.