Tupeane uzoefu: mpangilio wa kurasa katika programu za kunukuu breli

Mwanzisha mada, Iringa mjini

Ndugu zangu, habari za kazi. Wengi wetu tunaofundisha wanafunzi wasioona huku Nyanda za Juu Kusini tunatumia programu ya Duxbury, au BrailleBlaster ambayo American Printing House ya Marekani inaitoa bure. Kugeuza herufi kuwa breli, yaani nukta nundu zinazosomwa kwa kidole, programu inajifanyia yenyewe. Kinachotubakia ni mpangilio. Programu hizi zikiwa na mipangilio ya Kimarekani hutarajia karatasi yenye upana wa inchi 11.5 na urefu wa inchi 11, inayobeba seli 40 (seli ni nafasi ya alama moja yenye nukta zisizozidi sita) kwa mstari na mistari 25 kwa ukurasa, wakati shuleni kwetu tunachapa kwenye A4. Kwa kuwa seli moja pamoja na nafasi yake huchukua takriban milimita 6, A4 ikishaachiwa sehemu ya kujalidia hubaki na seli 30 hivi. Nimeweka vipimo hivyo katika kigezo (template) ili kila faili jipya lianzie hapo. Wenzangu mmebadilisha nini, na kwa sababu gani?

Mwalimu wa kitengo, Mbeya

Mwalimu, mimi ningeanza na lugha kabla ya karatasi. Faili la Kiswahili likigeuzwa kwa kanuni za breli ya Kiingereza zenye vifupisho, yaani alama moja kusimama badala ya herufi kadhaa, neno "andika" linaanza kwa alama moja ya nukta 1-2-3-4-6, ambayo kwa Mwingereza ni kiunganishi kizima "and", na "ofisi" nayo inapoteza herufi zake mbili za kwanza kwa namna hiyo hiyo. Mtoto wa darasa la tatu ambaye hajafundishwa vifupisho hivyo anakwama kwenye neno analolijua tangu nyumbani, na mwalimu anayeona hagundui kitu kwa sababu kwenye skrini Kiswahili chake kimekaa sawasawa. Kigezo changu cha Kiswahili hakina vifupisho kabisa. Kwa vifungu vya Kiingereza nimetengeneza mtindo (style) wa pekee, yaani maagizo ya mpangilio yaliyopewa jina, kwa kuwa katika Duxbury mtindo unaweza kubeba ndani yake amri ya kubadili lugha, kisha lugha ikarudi yenyewe kifungu kinapokwisha.

Mstaafu, Makambako

Nimeanza na Perkins, mashine ya mkono ya kuchapa breli, ambako kila nafasi unaihesabu kwa kidole gumba, na nadhani tabia hiyo ndiyo inayotuponza kwenye kompyuta: watu bado wanapanga kwa kubonyeza nafasi. Siku upana wa mstari ukibadilika, nafasi zote hizo zinahamia katikati ya sentensi. Fundisheni programu mitindo, halafu iacheni ihesabu yenyewe.

Chukueni mtihani wa maswali ya kuchagua. Kidole cha msomaji kinateremka upande wa kushoto kutafuta mahali swali linapoanzia, hakina njia ya kuutazama ukurasa wote. Ndiyo maana swali huanzia seli ya 1, na likizidi mstari huendelea kutoka seli ya 5. Majibu huanzia seli ya 3, nayo yakizidi huendelea kutoka seli ya 5. Kwa hiyo kinachogusa ukingo kabisa ni namba ya swali peke yake, na mtahiniwa anayetaka kuruka swali la 7 analipata la 8 bila kusoma majibu yaliyo katikati. Ongezeni amri ya kuzuia swali lisitengane na majibu yake ukurasa unapokatika. Mtahiniwa anayelazimika kugeuza karatasi mara nne ili kulinganisha A na D anapoteza muda wake bure, na hilo halihusiani na akili yake.

Tukuyu

Huku kwetu mvua haikatiki na karatasi inanyonya unyevu, hivyo nukta zinalegea. Kigezo changu kinachapa upande mmoja tu. Karatasi zinaongezeka, lakini zinasomeka.

Msomaji, Njombe

Shikamoo mzee wa Makambako. Mimi ndiye ninayesoma hizo kazi zenu, na ombi langu ni namba za kurasa. Mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 34", namba ya karatasi ya breli hainisaidii, kwa sababu ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida huweza kuchukua kurasa mbili au tatu za breli. Utaratibu wa Kimarekani unaweka namba ya kitabu cha kawaida juu kulia na namba ya breli chini kulia, na ukurasa unaoendelea huandikwa a34, kisha b34. Programu zinaweza kufanya hivyo, ila lazima anayenukuu aweke alama pale ukurasa wa kitabu unapobadilika. Wengi hawaiweki, nasi darasani tunabaki tukiulizana.

Mwanzisha mada, Iringa mjini

Hilo nitaliongeza kwenye kigezo. Je, majedwali mnayafanyaje? La mikoa, mazao na tani halienei kwenye seli 30.

Mwalimu wa kitengo, Mbeya

Lipange kwa ngazi: mkoa uanzie seli ya 1, zao lishuke mstari wa pili na kuanzia seli ya 3, tani zianzie seli ya 5, kisha mkoa unaofuata urudi seli ya 1. Vichwa vya safu vitangulie kwa mpangilio huo huo, na juu yake uweke maelezo mafupi kwamba jedwali limebadilishwa umbo.