Ema Destinnová: majina matatu, na santuri zinazopishana nusu toni

MpangaSanturi
Habari wakuu. Naomba ufafanuzi kuhusu soprano (mwimbaji wa kike wa sauti ya juu) mmoja wa Kicheki wa mwanzoni mwa karne ya 20. Faili moja imeandikwa Emmy Destinn, nyingine Ema Destinnová, na kwingine anaitwa Kittlová. Ni mtu mmoja? Alianzia wapi akaishia wapi? Pili, faili mbili za "Un bel dì", wimbo wa opera ya Puccini Madama Butterfly, hazilingani, moja iko juu karibu nusu toni. Na zote mbili sauti ni nyembamba kama filimbi, ilhali Caruso, teno (sauti ya juu ya kiume) wa miaka hiyohiyo, anasikika mnene. Je, sifa za soprano huyu zilitiwa chumvi?

KaziZaJukwaani
Ni mtu mmoja, mkuu. Alizaliwa Praha tarehe 26 Februari 1878, jina la ukoo Kittlová. Alijifunza fidla kwanza, halafu sauti kwa Marie Loewe-Destinn, akachukua jina la mwalimu wake kuwa jina la jukwaani. Berlin, London na New York walichapa Emmy Destinn. Destinnová ni jina hilohilo kwa Kicheki, kwani majina ya ukoo ya wanawake huko kwa kawaida huishia na -ová. Ukitafuta kwenye katalogi, andika "Destinn" peke yake.

Nyumbani hawakumpokea. Dresden walimkataa, na Praha vilevile. Berlin ndiyo iliyomchukua: Julai 1898, akiwa na miaka 20, aliimba Santuzza katika Cavalleria rusticana, akabaki kwenye opera ya kifalme pale miaka kumi. Sasa angalia alichoimba humo katikati. 1901 Bayreuth, Senta wa Wagner. 1904 Covent Garden, jumba la opera la London, Donna Anna wa Mozart. 1905 hapohapo London, Butterfly katika onyesho la kwanza la opera hiyo mjini humo, Caruso na mwimbaji Scotti wakiwa naye. 1906 Berlin, Salome wa Strauss. Kwa asiyejua uzito wa nafasi hizi: Donna Anna hudai koo jepesi linalokimbia kwenye nota za mfululizo, Salome hudai sauti ya kupita juu ya okestra ya watu zaidi ya 100. Soprano wengi huchagua upande mmoja, na anayelazimisha pande zote mbili mara nyingi sauti huanza kuyumba mapema. Yeye aliimba vyote ndani ya miaka michache. Kwa hiyo hapana, sifa hazikutiwa chumvi.

Tarehe 16 Novemba 1908 alifungua msimu wa Metropolitan, jumba la opera la New York, kama Aida. Usiku huohuo Toscanini aliongoza okestra pale kwa mara ya kwanza. Februari 1909 akaimba Prodaná nevěsta ya Smetana chini ya Mahler. Tena zingatia: opera ya Kicheki, soprano Mcheki, lakini iliimbwa Kijerumani. Tarehe 10 Desemba 1910 akawa Minnie wa kwanza duniani katika La fanciulla del West ya Puccini, akiimba na Caruso na Amato.

Kilichomkata miguu ni vita. 1916 alirudi Bohemia, iliyokuwa bado chini ya Austria. Alikuwa na uhusiano na waliopigania uhuru wa Wacheki, hivyo akanyang'anywa pasipoti na kuzuiwa asitoke kwenye kasri lake la Stráž nad Nežárkou, alilolinunua 1914. Alikuwa na miaka 38, umri ambao soprano wa aina yake yuko kileleni. Alirudi Metropolitan 1919, ila si kwa muda mrefu. Alifariki České Budějovice tarehe 28 Januari 1930, akazikwa Vyšehrad. Sura yake iko kwenye noti ya koruna 2000.

Sindano75
Kuhusu wembamba: kabla ya 1925 studio za santuri hazikutumia maikrofoni. Mwimbaji aliimba ndani ya pembe, na pembe ile ilinasa takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 hadi 2500 tu. Piga hesabu. Nota Si bemoli (bemoli ni kushusha nota nusu toni) ya juu ya soprano ni hezi 932. Sauti-pacha yake ya kwanza, yaani mlio wa juu unaoambatana na nota na kuipa unene, ni 1864, inayofuata ni 2796, imeshatupwa nje. Umebaki na vitu viwili, ndiyo maana unasikia filimbi. Teno akiimba Si bemoli yake, hezi 466, sauti-pacha hadi 2330 zote zinaingia. Caruso alibebwa na mashine, Destinnová aliibiwa. Herufi "s" nayo hupotea kwa sababu hiyohiyo, usiseme alitamka vibaya.

Kuhusu nusu toni: "78", yaani mizunguko 78 kwa dakika, ni jina tu. Studio zilirekodi kwa mizunguko 74, 76, hata zaidi ya 80. "Un bel dì" imeandikwa katika Sol bemoli. Ikisikika Sol, santuri inakimbia mno, na kushuka nusu toni ni kuzidisha kwa 0.944: 78 × 0.944 = 73.6, hiyo ndiyo kasi ya kujaribu.

MpangaSanturi
Asante sana. Kwenye programu ya kompyuta nibadilishe nini hasa?

Sindano75
Tumia amri inayobadilisha kasi na kimo (ujuu wa sauti) pamoja, weka asilimia 94.4. Usitumie ya kimo pekee, maana mtetemo wa sauti utabaki wa haraka, kama wa mtu anayetetemeka baridi. Hakikisha kwa saa: faili ya dakika 3 itakuwa takriban 3:11. Ikibaki 3:00, umebonyeza amri isiyo yake.

Usirekebishe hadi iguse nota La ya hezi 440, kipimo cha leo cha kulandanisha ala, sawasawa. Ulaya bara ilitumia sana 435, tofauti ya karibu moja ya tano ya nusu toni. Na kabla ya kugusa chochote, linganisha na nyimbo nyingine za kipindi kilekile cha kurekodi, kwa kuwa waimbaji wengine walishusha ufunguo makusudi.

Kama una santuri yenyewe, sindano ya LP (santuri za baadaye za mizunguko 33) ni nyembamba mno, itagusa chini ya mfereji na kuchuna kelele tupu. Tafuta ya mikroni 75 hivi. Zima pia usawazisho wa LP (marekebisho ya sauti za juu na za chini), kwani hukata sauti za juu ambazo tayari ni chache.

KaziZaJukwaani
Nyongeza: ukikuta Carmen yake kamili ya 1908, ni ya Kijerumani, pamoja na Karl Jörn. Faili haijakosewa jina. Kwa Kiitaliano anza na dueti ya Il Guarany aliyorekodi na Caruso 1914. Sauti hizo mbili ziko mbele ya pembe moja, kwa hiyo unaweza kuzipima kwa haki zaidi kuliko kwenye faili mbili tofauti.