MREJESHO: Git kuonyesha faili zima limebadilika kati ya Windows na Linux

Wakuu, asanteni sana. Kwa wanaofika sasa: nusu ya timu yetu iko Windows, nusu Linux. Ukigusa mstari mmoja, `git diff` inaonyesha faili zima limebadilika, na skripti zinagoma Linux kwa `/bin/bash^M: bad interpreter`. Chanzo ni alama za mwisho wa mstari: Windows hutumia CRLF, Linux hutumia LF.

Nimefuata ushauri wa kutotegemea `core.autocrlf` (mpangilio wa Git wa kugeuza alama hizo) ya kila mashine. Sheria sasa iko kwenye `.gitattributes`, inasafiri na kodi yenyewe:

```
* text=auto
*.sh text eol=lf
*.bat text eol=crlf
```

Kisha `git add --renormalize .` (kusawazisha upya faili zilizomo kwa sheria hiyo) na komiti ya peke yake, bila kuichanganya na kazi nyingine. Aliyesisitiza matawi yote yaunganishwe kwanza alisema kweli. Tawi moja lililobaki lilileta migongano kila kona, likakubali kwa `git merge -X renormalize`.

Hakiki kwa `git ls-files --eol`. Ukiona `i/crlf` au `i/mixed` (yaani ndani ya Git kuna CRLF, au mchanganyiko) kwenye faili la maandishi, bado. Windows, skripti zilizoshushwa zamani zinaweza kubaki na CRLF. Zifute, kisha `git checkout -- .` (hifadhi kazi yako kwanza!).

Kilichogoma ni upande wa SVN (Subversion, mfumo mwingine wa kutunza matoleo ya kodi), tunaouunganisha na Git kwa `git svn`. `git svn` hupuuza propati zote isipokuwa `svn:executable`, kwa hiyo `svn:eol-style native` (sheria ya SVN ya mwisho wa mstari) haivuki kuja Git. Sheria tunaiandika pande zote mbili kwa mkono, na mwenye njia bora bado namsubiri.