Naomba ushauri: nauli ya jioni inanimaliza

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Naishi Mikindani, nauza dukani huku Mwembe Tayari, kisiwani Mombasa. Saa tano asubuhi matatu ni shilingi 50, lakini alfajiri na jioni watu wakitoka kazini ni 100. Mvua ikinyesha ndiyo usiseme! Jana makanga alishika mlango nusu, akimuuliza kila mtu, "Una mia?" Mama mjamzito mwenye hamsini mkononi akaachwa kwenye matope. Iliniuma sana.

Tajiri wangu hataki nibadilishe saa za kuingia. Kuna yeyote aliyepatana na dereva akawa analipa kwa mwezi? Mlielewana vipi? Ama nihamie kisiwani, ingawa kodi huku ni ghali? Nina watoto wawili wa shule.