Nasomesha mwanangu nyumbani, shule ya mtaani imemkatalia kucheza mpira

Mama_Langoni:
Asalaam alaykum wanajamvi. Nina kijana wa miaka 12, tuko Amu mjini, yaani Lamu, Kenya. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilianza kumsomesha mwenyewe, maana ualimu niliusomea, na zilipofunguliwa Januari 2021 sikumrudisha. Ana kigugumizi. Kila akisimama kusoma darasani wenzake walikuwa wakimwiga, mpaka akawa hasimami tena. Nyumbani yuwasoma vyema, na hesabu za kichwa hunishinda kasi.

Shida ni mpira. Kila alasiri huenda kukaa ukutani mwa shule ya mtaani, njumu zake kikapuni, akitazama timu ikifanya mazoezi. Akirudi huketi barazani akazipangusa vumbi, na vumbi lenyewe hamna. Nilimwendea mwalimu mkuu, akanipokea kwa adabu, akasema mtoto hayumo kwenye rejista wala hana nambari ya mwanafunzi ya wizara ya elimu, basi hawezi. Nami ushuru si nalipa? Nifanyeje?

Mwalimu_Mstaafu:
Wa alaykum salaam binti yangu. Mwalimu hakukuonea. Mchezaji wa mashindano ya shule sharti awe mwanafunzi wa shule ile. Asiyekuwa twamwita mamluki, na rufaa ikikatwa timu nzima hupokonywa ushindi. Nimewahi kurudi na watoto kwenye boti wakilia njia nzima kwa ajili ya mchezaji mmoja wa kuazima. Akitokea mtu wa kukwambia "tumwandike jina tu", kataa.

Linalonitia wasiwasi zaidi si mpira. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamtaka mzazi ampeleke mtoto shuleni, na darasa la barazani haikulitaja. Halafu kuna hesabu ya kuingia sekondari pevu, ile ya gredi ya kumi na kuendelea: asilimia 20 mtihani wa gredi ya sita, 20 tathmini za shuleni gredi ya saba na ya nane, 60 mtihani wa gredi ya tisa. Zile za shuleni utazitoa wapi? Nenda ofisi ya elimu ya kaunti ukaulize mapema, kabla hawajakuuliza wao.

Ami_wa_Shela:
Ususie pilau kisha udai ukoko? Mrudishe shule, mambo yaishe.

Mama_Langoni:
Ami, wewe hukumuona usiku akijikojolea kwa hofu ya kesho yake.

Ami_wa_Shela:
Niwie radhi mama. Hilo sikulijua.

MzaliwaWaMalindi:
Niko Florida, hapa jambo hili lina sheria tangu 1996. Anayesomea nyumbani huruhusiwa kuchezea shule ya umma, ila mzazi awe amejiandikisha wilayani na mtoto apimwe maendeleo kila mwaka. Tim Tebow alisomeshwa na mamake nyumbani huku akichezea shule ya serikali, mpira wao huu wa kubeba mikononi, na 2007, akiwa chuo kikuu, akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mpira huo vyuoni. Majimbo mengine hukataa katakata. Kwa hivyo hata huku hakuna haki ya bure, ni makaratasi. Na usilipeleke kwa mwalimu mkuu wa Amu kama hoja, atakucheka.

Winga_wa_Kushoto:
Mama, mbona mwang'ang'ania shule? Mimi nimekulia timu ya mtaa hapa Malindi. Tulikuwamo wa shule, wa madrasa, na wauza madafu wa ufuoni. Kocha hakuuliza unasoma wapi. Alitaka cheti cha kuzaliwa tu, maana kuna wenye ndevu wakijiita wa miaka 13. Na kigugumizi uwanjani hakina kazi, mpira huitwa kwa mkono.

Mama_Langoni:
Ahsanteni. Mwalimu, ofisini nitakwenda Jumatatu inshallah, na nimeogopa kidogo, sikufichi. Jana alasiri tulimfuata kocha wa timu ya watoto ya mtaa wetu. Akamtazama miguu, akamuuliza jina. Mwanangu akakwama kwenye herufi ya kwanza, kocha akangoja tu, hakumsaidia wala hakucheka, hadi likatoka. Akamwambia, "Haya, kaa beki ya kulia."

Sasa njumu zimepasuka siku ya kwanza. Saizi 37 hapa Amu zapatikana duka gani?