Tumsaidieje mwanakikundi mwenzetu anayetaka uenyekiti wa kijiji?

Katibu wa Kikundi, Kilosa

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha hisa chenye wanawake 25 katika kijiji kimoja wilayani Kilosa. Tumemaliza mizunguko sita pamoja, tumekopeshana, tumeuguzana na kuzikiana, na hakuna mwenzetu aliyewahi kuachwa peke yake kwenye shida. Lakini mwenyekiti wetu alipochukua fomu ya kuwania uenyekiti wa kijiji katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, alishindwa kwenye kura za maoni za chama chake, na tulipokuja kuulizana tukagundua kwamba waliokwenda kumpigia kura siku ile ni wanne tu. Baadhi yetu hawakuwa na kadi ya chama hicho, wengine walikuwa shambani, na wapo waliokiri kwamba waliona haya kumuunga mkono hadharani wakati wanaume walikuwa wakisema wanawake wana viti vyao kwenye halmashauri ya kijiji, basi waridhike navyo. Nasikia ikisemwa kila siku kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenyewe. Mimi siamini, kwa sababu nimeona kwa macho yangu tunavyobebana. Naomba ushauri: ushirikiano tulio nao kwenye fedha na misiba tutaufikishaje kwenye uongozi kabla ya 2029?

Diwani Mstaafu

Dada Katibu, pole, na hongera kwa kuuliza mapema. Kwa sheria zetu mgombea ni lazima adhaminiwe na chama cha siasa, kwa hiyo mlango wa kwanza ni kura za maoni, na mlango huo hufunguliwa kwa wenye kadi peke yao. Walio wa chama chake wahakikishe kadi zao ziko hai tangu sasa. Walio wa vyama vingine msiwalazimishe kuhama, kwani kikundi kitavunjika, nao watakuwa na nafasi ya kumpigia kura siku ya uchaguzi wenyewe. Kumbukeni pia kwamba orodha ya wapiga kura wa kijiji huandikishwa upya peke yake, na kadi ya kupigia kura ya Rais haiwi badala yake. Nimewaona akina mama wengi wakirudishwa nyumbani kituoni kwa sababu hiyo.

La pili, msiguse fedha za sanduku. Hizo ni hisa za watu wote, na neno moja la rushwa likitamkwa litamwangusha mwenzenu na kukichafua kikundi. Msaada alioukosa, kwa uzoefu wangu, ni wa mikono. Mwanamke anayegombea bado anatarajiwa kuchota maji, kupika na kulea, na vikao vya siasa hufanyika jioni, saa ambazo mgombea mwanamume amekwisha kuoga na kuandaliwa chakula. Mimi nilipogombea, jirani zangu wawili walipokezana kupika nyumbani kwangu kwa wiki tatu, na wa tatu alikuwa akinisindikiza usiku ili pasiwe na wa kunizushia maneno. Bila wanawake wale nisingeufikia udiwani, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda jukwaani.

Mwalimu wa Historia, Dar es Salaam

Naunga mkono maelezo ya Diwani, na ningependa kuongeza kwamba njia hii ina mizizi mirefu katika nchi yetu. Mwaka 1955, TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipohitaji tawi la wanawake, Bibi Titi Mohamed hakuanza kwa kumwendea mwanamke mmoja mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na alijua kwamba vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya Dar es Salaam vilikuwa na viongozi wao, michango yao na utii wao. Akawaendea viongozi hao, nao wakawaleta wanachama wao, na kwa muda mfupi maelfu ya wanawake wakawa na kadi za TANU. Wengi wao hawakuwahi kuingia darasani, lakini walikuwa wamezoea kuitana, kuchangishana na kutunza siri. Kikundi chenu cha hisa kina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na washika funguo. Huo ni uongozi uliokwisha kujaribiwa kwa fedha, na mgombea wenu ana haki ya kuutaja anapojinadi.

Msaidizi wa Kisheria, Morogoro

Msingoje 2029 peke yake. Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, lina wajumbe 7, na sheria inataka wanawake wasipungue 3. Wajumbe hupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, wala hakuna chama kinachohusika. Ulizeni nafasi hizo zinajazwa lini, kisha mwende mkutanoni wote 25, mkae pamoja, na aliyeandaliwa asimame kuuliza taarifa ya mapato na matumizi. Mwanamke anayefunga hesabu za sanduku kila wiki hashindwi kusoma taarifa ile. Kijiji kikizoea kumsikia akizungumzia fedha na mipaka ya mashamba, siku atakapochukua fomu hatakuwa mgeni kwao.

Mwanakikundi, Tanga

Sisi tulimsaidia mwenzetu akashinda, kisha akaacha kuja vikaoni. Iliniuma sana. Kubalianeni mapema kwamba atarudi kuwaeleza kinachoendelea, nanyi mtamsikiliza hata akiwa na habari mbaya.

Katibu wa Kikundi, Kilosa

Nawashukuru nyote kwa dhati. Jana nimeyasoma majibu haya kwenye kikao, na mjadala ulituchukua muda mrefu kuliko marejesho ya mikopo. Tumewateua watatu wa kuwania nafasi za Baraza la Ardhi, na mmoja wao ni mama wa miaka 58 ambaye hajawahi kusema neno kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Wanne wamejitolea kukaa naye kila Jumapili ili azoee kusimama na kuzungumza. Mwenyekiti wetu alilia kidogo, kisha akasema atachukua fomu tena.